Vidukari na bakteria wao: gharama isiyotajwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa furaha makala yenu kuhusu vidukari na bakteria wanaoishi ndani ya miili yao. Wadudu hawa hutajwa zaidi pale wanaposhambulia mimea, kwa hiyo kuwapa ukurasa mzima ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, makala ilieleza uhusiano huo kana kwamba kila upande unafaidi na hakuna anayepoteza. Hapo sikubaliani nanyi. Pande zote mbili zimepoteza mengi, na kupoteza huko ndiko kulikozifunga pamoja.

Faida ipo, siikatai. Kidukari hula utomvu wa floemu, yaani mirija ya mmea inayosafirisha chakula. Utomvu huo umejaa sukari, ila una upungufu mkubwa wa asidi amino muhimu, vijenzi vya protini ambavyo mnyama hawezi kujitengenezea. Kidukari hutengenezewa asidi hizo na Buchnera, bakteria aliyepewa jina la mtafiti Mjerumani Paul Buchner. Bakteria huyo hukaa katika seli maalumu tumboni mwa mdudu na hurithishwa na mama kwa watoto. Wamekuwa pamoja kwa zaidi ya miaka milioni 150. Kidukari akipewa dawa ya kuua bakteria hao, hudumaa na kwa kawaida hazai.

Sasa tazameni gharama. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichapisha jenomu nzima ya Buchnera, yaani maelezo yake yote ya urithi yaliyoandikwa katika DNA: takriban herufi 640,000 tu. Ndugu yake E. coli, bakteria anayeishi matumboni mwetu, ana zaidi ya milioni 4.5. Jeni za kutengeneza asidi amino anazozihitaji mdudu zimebaki, lakini nyingi za zile ambazo mdudu anajitengenezea zimetoweka. Hata jeni za kujenga utando wake mwenyewe karibu zote hazipo. Bakteria wa namna hiyo hawezi tena kutoka akaishi peke yake.

Sababu iko katika urithi wenyewe. Ni bakteria wachache wanaopita kutoka kwa mama kwenda kwa kila kiinitete, na huko ndani hawakutani na wageni wa kubadilishana nao jeni. Kasoro ikipenya kwa bahati katika kundi hilo dogo, hakuna pa kupata nakala nzima. Jeni iliyopotea haina njia ya kurudi. Basi kasoro hulimbikizana kizazi baada ya kizazi kwa kiumbe ambaye mdudu hawezi kuishi bila yeye.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa nyenje, ambao hufyonza maji ya zailemu, mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, chakula duni kuliko hata utomvu wa floemu. Wengi wao wana bakteria wawili waliogawana kazi: katika nyenje mmoja aliyechunguzwa, Sulcia hutengeneza asidi amino muhimu nane na Hodgkinia mbili zilizobaki. Kwa baadhi ya nyenje wa jenasi Tettigades wa Amerika Kusini, Hodgkinia amegawanyika kuwa koo mbili. Kila ukoo umepoteza jeni ambazo mwenzake bado anazo, hivyo hakuna unaojitosheleza na mdudu analazimika kuzibeba zote mbili. Kwa nyenje wa Marekani wanaokaa ardhini miaka 13 au 17, mgawanyiko umekwenda mbali zaidi, vipande ni vingi sana. Kazi inayofanyika ni ileile aliyoifanya Hodgkinia mmoja! Mdudu hakuongezewa chochote ila mzigo.

Wengine wamepata njia ya kutokea. Mwaka 2018 ilichapishwa kwamba nyenje kadhaa wa Japani hawana tena Hodgkinia. Nafasi yake imeshikwa na kuvu wa ukoo wa Ophiocordyceps, na ndugu wa karibu wa kuvu hao huua nyenje. Aliyekuwa adui amekuwa mlishaji. Vidung'ata, wadudu wengine wanaofyonza mimea, nao wana bakteria anayeishi ndani ya bakteria mwingine, na jenomu ya mdudu mwenyewe imebeba jeni zilizotoka kwa bakteria wa aina nyingine kabisa, zinazosaidia kuziba mapengo.

Mkiirudia mada hii, naomba msiache kuandika juu ya joto. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kupotea kwa herufi moja tu katika jenomu ya Buchnera kunaizima jeni inayomkinga dhidi ya joto. Vidukari wachanga wenye bakteria hao wakipatwa na joto kali hupoteza karibu bakteria wao wote, na uzazi wao huporomoka. Palipo na ubaridi, vidukari haohao huwahi kuzaa kuliko wenzao, ndiyo maana kasoro hiyo haijafutika. Wanaopanga namna ya kukabiliana na wadudu hawa katika dunia inayozidi kupata joto wanapaswa kuwahesabu bakteria pia, maana huenda wao ndio watakaotangulia kushindwa.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa biolojia