Taa wanne kwenye safu moja

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi linauzwa kwa bei ya andazi, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile habari ya wiki iliyopita juu ya utafiti wa taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, mliyoipamba kwa picha ya pungu, taa wa mbawa pana, imenitoa kimya. Mwandishi wenu anasema taa hutaga mayai, na mtu akichomwa mwiba awekewe barafu. Yote mawili katika aya moja!

Nimenadi samaki kusini mwa Pemba kwa miaka 31. Mwaka jana alikuja kijana dikoni kwetu, pale tunaposhushia samaki, na fomu yake, ati anahesabu taa. Siku hiyo jarife, wavu wetu wa samaki wakubwa, lilileta nyenga mmoja mkubwa, naye ni taa, pungu mmoja na taa wawili wa madoa ya buluu. Hao wawili nao si ndugu wa baba mmoja: mmoja ana michirizi miwili ya buluu mkiani na makazi yake matumbaweni, mwengine kavaa barakoa nyeusi machoni, mkia una pete nyeusi na nyeupe, hujifukia mchangani. Nikamtajia kila mmoja. Akaandika "taa, 4". Nikamwambia, mwanangu, huyu mwenye mdomo wa bata ni pungu. Akanijibu fomu ina safu moja tu. Tulipompasua nyenga wakatoka watoto watatu, mbawa zimekunjwa kama tambuu, pamoja na majimaji meupe mazito mfano wa tui. Hayo ndiyo maziwa yao. Mama huwalisha humohumo tumboni mpaka siku ya kuwazaa. Mayai yako wapi, Mhariri? Kijana akapiga picha na simu, akapanda bodaboda, akaenda zake.

Wenzetu hawafanyi hivyo. Mwaka 2016 wataalamu wa samaki Peter Last, Gavin Naylor na Mabel Manjaji-Matsumoto waliupangua na kuupanga upya ukoo mzima wa taa kwa kutazama maumbile na vinasaba. Yule wa barakoa, aliyekuwa akiitwa kitaalamu Neotrygon kuhlii kuanzia pwani yetu mpaka Pasifiki, kwa utafiti mwingine akagawanywa aina kadhaa, na jina hilo likabaki kwa wa Visiwa vya Solomon. Hata Forsskål, mtaalamu wa viumbe wa zamani aliyefia Yemen mwaka 1763, aliwachukulia taa wa Bahari ya Shamu majina ya Kiarabu, uarnak na sephen. Kazi yake ilichapishwa 1775 na majina hayo yangalipo vitabuni. Sisi miaka 250 baadae tunaandikiwa "taa, 4".

Na hiyo barafu! Mimi nimechomwa kisigino, maji mafu, naivuta ngalawa. Maumivu yakapanda mpaka kinenani, nikalia mbele ya watoto. Shemeji yangu akautia mguu kwenye beseni la maji ya moto, yale ngozi inayoyavumilia, akawa anaongeza kila yakipoa. Kabla gari halijapatikana maumivu yalishaanza kushuka, maana sumu ya taa ni protini na joto ndilo linaloivunja. Hospitali mtu aende, atolewe vipande vya mwiba, hilo sibishi. Lakini barafu? Barafu hatuna hata ya kuwekea samaki. Mashine imeletwa, ikapigwa picha na wakubwa, ikafanya kazi wiki mbili, sasa kuku wanatagia juu yake (hao kweli wanataga). Taa ya nguzoni nayo, hii ya umeme, imezimika tangu Ramadhani, tukishuka alfajiri tunapapasa kwa miguu, halafu mnatuandikia tuwe waangalifu tusikanyage taa.

Basi mwandishi wenu aje siku ya bamvua, maji yakitoka. Avae viatu vya mpira na aburute miguu mchangani, asikanyage kwa kishindo. Fomu iwe na safu nne. Kahawa na kashata juu yangu. Taa ya kumulikia aje nayo mwenyewe.

Mnadi mstaafu,
Pemba