Maji ya kunywa yatengwe na maji ya kisima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maji ya kunywa katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, hasa upande wa Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, ambako ahadi tunayopewa kila msimu wa bajeti ni ileile: kisima kirefu. Sipingi visima. Ninachopinga ni dhana kwamba kisima kikishachimbwa, kikafungwa pampu na kuzinduliwa, basi kaya imekwisha kupata maji ya matumizi yote, kuanzia kunywesha ng'ombe hadi kumpikia mtoto uji.

Miamba ya volkano ya mlima huu ina madini ya floraidi kwa wingi, na kadiri maji yanavyokaa ardhini ndivyo yanavyozidi kuibeba, kwa hiyo kina cha kisima si dhamana ya usalama. Floraidi haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango chetu cha taifa, ambacho kwa miaka mingi kiliruhusu hadi miligramu 4, kimeshushwa kikalingana na hicho, lakini vipo vyanzo huku kwetu vinavyokipita mara kadhaa. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatokana na hilo, na kwa kuwa meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi katika miaka minane hivi ya mwanzo, yanapochomoza madhara yamekwisha kutokea. Kwa waliokunywa maji hayo miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa na kuuma. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu kinachoondoka ni mvuke na floraidi hubaki chunguni. Kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa utafiti kwa muda mrefu katika kituo cha Ngurdoto, huipunguza kweli, ila mkaa wenyewe huchoka na kuhitaji kubadilishwa, na ni kaya chache zinazoweza kujua umechoka lini.

Maji ya mvua hayapiti kwenye miamba hiyo. Tatizo ni kwamba watu wengi hukata tamaa wakidhani kuyavuna kunahitaji tangi kubwa kama la shule, kwa kuwa wanapiga hesabu ya maji yote ya nyumbani. Tupige hesabu ya kunywa na kupikia peke yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita za mraba 50, likipata milimita 500 tu kwa mwaka na tukatoa sehemu ya tano inayopotea, litatoa lita 20,000. Kaya ya watu sita inayotumia lita 5 kwa kila mtu kwa siku inahitaji lita 30, yaani lita 4,500 kwa siku 150 hivi za kiangazi, kuanzia mwisho wa masika hadi vuli. Simtanki la lita 5,000 linatosha, japo kwa shida vuli ikichelewa. Kufua, kuoga na mifugo vibaki kwa maji ya kisima. Hapo ndipo nidhamu inapohitajika, maana tangi lililo wazi kwa kila ndoo ya kufulia litakauka mwezi wa saba. Bomba lake lifungwe kufuli, hata kama majirani watatuona wachoyo.

Kazi yenyewe inawezekana kwa fundi wa kijijini. Magata yainamie upande wa tangi kwa sentimita 1 hivi katika kila mita, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe nje, kwa sababu ndiyo inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi uwe na wavu wa kuzuia mbu, mfuniko usipitishe mwanga ili ukoga usiote, na bomba la kutolea liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa, kwa kuwa kukosa floraidi si kukosa vijidudu. Nawasihi pia akina mama wanaolainisha makande kwa magadi waache, maana magadi ya huku mara nyingi hurudisha chunguni floraidi ileile tuliyoikimbia.

Kwa halmashauri nina maombi mawili. La kwanza, ramani ya darasa au zahanati yoyote mpya isipitishwe bila magata na tangi, kwani ni hasara kuona paa kubwa la bati likimwaga maji uwanjani huku wanafunzi wakibeba madumu kutoka nyumbani. La pili linahusu pia RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019: kila kisima kipimwe floraidi kabla ya kununua mabomba, kirudiwe kupimwa kiangazi na masika, na majibu yabandikwe kituoni kwa Kiswahili, yakieleza waziwazi kama maji hayo ni ya kunywa au ni ya kufulia na mifugo tu.

Msomaji wako,
Meru, Arusha