Deni la Mama Tatu

Ngamiani, Tanga
Jumatano usiku

Somo yangu,

Assalamu alaykum. Huku wazima, mama anakusalimu, Amina wa barabara ya 8 kajifungua dume, mengine tukionana. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Ninunie baadaye, kwanza nisaidie, maana shida hii umeniletea mwenyewe. Si wewe uliyemwambia Ami kwamba naweza kumtengenezea kanzidata ya duka, yaani daftari la kwenye kompyuta?

Basi nikaitengeneza, na Ijumaa ikanitia aibu.

Lile daftari jekundu la madeni unalijua. Nililihamisha lote: jedwali la wateja, la bidhaa, la mauzo. Bei nikaiweka kwenye bidhaa, kwani tulifundishwa jambo moja likae mahali pamoja. Mauzo yakawa yanaandika tu mteja fulani, sukari, kilo 10, na bei inafuatwa kulekule kwenye bidhaa. Nikajiona fundi.

Ijumaa sukari ikapanda. Ami akabadilisha 2,800 ikawa 3,000, mara moja tu, kama nilivyomwonyesha. Baada ya swala akaja Mama Tatu kulipa kilo zake 10 za mwezi uliopita. Kafungua pindo la kanga, 28,000 kamili. Kompyuta ikasema 30,000. Akanitazama weee, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mmeanza kula riba?"

Watu wakacheka. Ami hakucheka. Alilifunua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akapokea 28,000 yake na kumwomba radhi. Tangu siku ile kompyuta imefunikwa kitambaa kama maiti.

Nimelala na jambo hili siku tano. Bei ya leo ni ya sukari, lakini bei ya siku ile ni ya yale mauzo; ni vitu viwili, nikavifanya kimoja kwa kuwa vinaitwa jina moja. Sasa nimeongeza jedwali la mistari ya mauzo: namba ya mauzo, namba ya bidhaa, kiasi, na bei waliyokubaliana. Mtu akichukua sukari, mche wa sabuni na mchele kwa mkupuo, ni mauzo mamoja yenye mistari mitatu. Na kinachoniuma ni kwamba daftari lilikuwa hivyo siku zote! Ami huandika bei pembeni ya kila kitu. Codd wa IBM, aliyebuni mtindo huu wa majedwali, alitoa nadharia yake mwaka 1970, lakini hakuwa na Mama Tatu kaunta.

Mengine nimeyarekebisha humohumo. Wateja nilikuwa nawatambua kwa jina, na kina Mama Asha wako watatu. Namba za simu nazo hazifai, watu wanabadili laini, na mzee wa Pangani anatumia simu ya mwanawe. Kila mteja sasa ana namba yake isiyo na maana yoyote, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye mauzo. Jina lingebaki, mimi na wewe tungekuwa mteja mmoja, na namjua ambaye angelipa. Sukari inaingia kwa mfuko wa kilo 50 na kutoka hadi robo, kwa hiyo naihesabu kwa gramu. Iliyobaki siiandiki popote, najumlisha iliyoingia na kutoa iliyotoka. Ukiiandika pembeni, siku moja utasahau kuipunguza.

Lakini malipo, somo. Hapa nimekwama. Mtu anakuja na 5,000, anasema "nipunguzie", hasemi ni ya sukari ya lini. Nimechora mara mbili nyuma ya karatasi hii. Kwa simu nisingeweza kuyaeleza, ndiyo maana nampa utingo wa basi la asubuhi.

Malipo niyafunge kwenye mauzo au kwa mteja? Mimi moyo uko kwa mteja, ila Ami akitaka kujua lipi limelipwa nitamjibu nini? Niwe naanza na deni la zamani? Na Ami akifuta bidhaa asiyouza tena, mauzo yake ya zamani yatakwenda wapi, nimzuie kufuta? Unaweza kunijibu kabla ya Jumamosi? Siku hiyo ameahidi kukiondoa kile kitambaa, na Mama Tatu kasema atakuja kuangalia.

Wako,
Somo