Nani aliwaambia wagonjwa wa kansa waache maji?

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kadutu. Naandika juu ya ile habari yenu ya protini inayopitisha maji kwa chembe za kansa, ile muliipa kichwa cha «Maji ndiyo chakula cha kansa». Mimi niko fundi wa labo hapa Bukavu, kazi yangu kila siku ni kukata nyama ya wagonjwa vipande vyembamba na kuipaka rangi ili munganga aiangalie kwa mikroskopu, basi niliisoma mpaka mwisho nikaona mwandishi alielewa vizuri, kichwa tu ndicho kilimuharibia. Lakini watu hawasomi mpaka mwisho, wanapiga picha ya kichwa wanatumiana kwa WhatsApp. Siku mbili baadaye nafika kwa mama mukubwa, ako kwa matibabu ya kansa ya titi, midomo imekauka mpaka inapasuka, namuuliza mama kuko nini, anasema jirani amemuonyesha kwa simu kama maji inanenepesha kansa, tangu jana anakunywa vijiko viwili tu vya kumezea dawa! Jirani naye siwezi kumulaumu, alitaka kusaidia.

Ile protini inaitwa akwaporini. Chembe ya mwili imefunikwa na utando wa mafuta na maji inapita pale kwa taabu, sasa akwaporini inakaa ndani ya ule utando kama mulango. Peter Agre, munganga wa Marekani, alionyesha hii mu 1992 na wenzake: mayai ya chura yanakaa majini bila neno, wao wakayatia maagizo ya kutengeneza ile protini, wakayarudisha kwa maji, yakavimba yakapasuka. Mu 2003 akapata Nobeli ya kemia. Mulango mumoja unapitisha karibu molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde moja, na sisi watu tuko nayo aina 13, kwa figo, kwa mate, kila pahali. Haiko ugonjwa.

Kwa kansa kuko hivi. Uvimbe mwingine unajaza hii milango kupita kiasi, sanasana aina namba 1, 3 na 5, na chembe iliyo nayo mingi upande wa mbele inatembea mbio, sababu maji inaingia mbele na kuisukuma. Panya waliokosa namba 1, uvimbe ulikomea kwao polepole. Ndiyo maana watafiti wanahesabu ile milango kwa nyama ya mugonjwa wajaribu kukisia kama kansa yake itakuwa kali ao ya pole. Kwa kansa zingine inaonekana kusema kweli, kwa zingine majibu yanapingana, na mupaka leo haiko kipimo cha kumuchagulia mugonjwa dawa. Ni alama tu, kama moshi unavyokuonyesha moto iko wapi. Kikombe cha maji hakimo, na mutu akiacha kunywa ni figo inaumia, wakati dawa zingine za kansa zenyewe tayari zinaichosha.

Na kama munataka habari ya kwetu, muandike juu ya chupa. Mwezi uliopita tulipokea kipande cha titi ndani ya chupa ya mayonezi, kavu, bila formoli, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, kimefanya siku tatu njiani, tulifungua kifuniko wote tukatoka inje. Formoli inapashwa kupita ile nyama mara 10, haraka, saa ile ile imetolewa. Nyama ikishaoza hakuna kusoma akwaporini, wala vile vipimo vya homoni na vya HER2, protini ingine ya chembe za kansa ya titi, ambavyo waganga wanatumia kweli kweli kwa kupanga dawa ya titi, rangi ya kahawia ya kutuonyesha zile protini inakamata popote ao haikamate hata kidogo. Mama mwenye kile kipande ilibidi wamukate tena. Mara ya pili, bwana mhariri.

Naomba musahihishe kwa ukurasa wa mbele, na herufi kubwa kama zile za kwanza, isiwe kule chini karibu na matangazo ya parsele. Mama mukubwa amerudilia kunywa. Ila kila nikimujazia kikombe ananiuliza kama niko na hakika, maana gazeti ndilo lilisema.

Fundi wa labo, Kadutu, Bukavu