Baiskeli kuukuu watengenezeeni wake zenu, msizipeleke kwenye mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Nzega aliyeandika kwamba baiskeli za zamani zinajaza tu nyua zetu, na kwamba kila kaya yenye Raleigh au Phoenix ya babu iiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, fedha ichangie kununua pikipiki. Mimi ni fundi mstaafu wa karakana ya reli hapa Tabora. Tangu nistaafu, kazi yangu ni kuwatengenezea baiskeli watu wa nyumbani kwangu: mke wangu kwanza, kisha watoto, mkwe na wajukuu. Siuzi hata moja, kwa hiyo sina biashara ninayoitetea. Nimeumia tu kuona ushauri ule unapita bila mtu kuujibu.

Msomaji yule ametoa sababu moja ambayo ni ya kweli. Anasema mkewe alijaribu baiskeli ya nyumbani, akaanguka, akaiacha. Nasema pole kwa shemeji. Lakini ndugu yangu, baiskeli ile haikuwa yake. Fremu ya kiume ya inchi 24 yenye magurudumu ya inchi 28 huliweka bomba la juu kwenye kimo cha sentimita 85 hivi kutoka ardhini. Wanawake wengi niliowapima hapa kwangu na kwa majirani, kutoka juu ya mapaja hadi kisigino, wana sentimita sabini na kitu. Hawezi kusimama na bomba lile katikati, achilia mbali kushuka kwa haraka mbuzi akikatiza njia. Ukampandisha hapo akiwa na khanga, na debe nyuma, unamtaka aanguke. Halafu tunasema wanawake hawawezi baiskeli.

Mke wangu nilimpima ukutani, miguu mitupu, kitabu kinene kimebanwa kati ya mapaja, nikatia alama ya penseli. Siku hizi ukuta ule una alama za nyumba nzima. Fremu yake niliikuta juu ya mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu: Raleigh ya kike, ile ambayo bomba lake la juu limeshushwa chini ili mtu apitishe mguu bila kuurusha. Nililipa bei ya kilo, kama wanavyolipa wapeleka chuma viwandani. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, Uingereza, kiliacha kuunganisha baiskeli mwaka 2002. Fremu ya namna ile ikishayeyushwa kuwa nondo, kiwanda kile hakitatengeneza nyingine badala yake.

Naomba wasomaji wajue namna ya kuitambua fremu iliyo hai. Kwanza tazama maungio. Baiskeli hizi hazikuchomelewa kwa umeme; mabomba yameingizwa ndani ya vifuniko vya chuma vya maungio, kisha yakaungwa kwa shaba nyeupe ya kuyeyusha. Tafuta ufa chini ya kiti na pale mabomba yanapokutana kwenye pedeli. Kisha chukua uzi. Ufunge kwenye mdomo wa fremu unaoshika ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, uurudishe upande wa pili, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinakueleza zaidi kuliko rangi yoyote inayong'aa.

Ile ya mke wangu ilikuwa imenyooka, ila nguzo ya kiti, ile inayoingia ndani ya bomba la fremu, ilikuwa imeshikwa na kutu. Hapo ndipo watu wengi huleta nyundo. Mimi niliigeuza fremu juu chini, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili chafu kupitia tundu la ekseli ya pedeli, nikaiacha mpaka ikanywa. Nguzo ilitoka kwa kuzungushwa. Kotapini, yaani pini zinazoifunga krenki (mkono wa pedeli) kwenye ekseli yake, nazo zinataka subira: usizipige zikiwa zinaning'inia, weka kipande cha bomba nene chini ya krenki kibebe pigo, na nati iache usawa wa mwisho wa pini ili nyuzi zake, ile mikato ya kuzungushia nati, zisibondeke. Ekseli ya pedeli inazunguka kwenye gololi zilizo ndani ya vikombe viwili vya chuma; kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kinyume, na pedeli ya kushoto pia. Vijana wengi huvunja vikombe kwa kutolijua hilo, kisha fremu inatupwa kana kwamba ndiyo yenye ubaya. Na tafadhali, fundi wa kuchomelea asiiguse fremu hii kwa umeme. Mabomba ni membamba, yatatoboka. Kariya ya mke wangu nimeitengeneza kwa nondo za milimita 8, nikazichomelea pembeni, kisha nikaifunga kwenye baiskeli kwa bolti.

Usukani wenye kromu niliusugua kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara iliyochovywa kwenye maji. Kutu inatoka, kromu haikwaruzwi. Rangi alichagua yeye, bluu, na alisimama karibu yangu mpaka nikamaliza koti la mwisho.

Sasa nieleze mambo mawili ambayo hakuna duka lililonipatia, nami naona ndiyo hasa yaliyomfanya mke wangu aipende baiskeli ile.

La kwanza ni meno. Baiskeli ya aina hii ilikuja na duara la mbele la meno 48 na gia la nyuma la meno 18. Krenki ikizunguka mara moja, unasogea karibu mita 6. Kwenye lami hilo ni zuri. Lakini njia yetu ya kwenda shambani, upande wa Itetemia, ni mchanga mtupu, na wakati wa kurudi kariya ina gunia la karanga. Nilimfungia gia la nyuma la meno 22. Sasa mzunguko mmoja unamsogeza chini kidogo ya mita 5. Anakanyaga mara nyingi zaidi, ila goti halilii, wala hashuki kusukuma pale ambapo vijana wenye misuli hushuka. Kifaa hiki ni kidogo kama sahani ya kikombe, na thamani yake ni ya chini kuliko tairi. Wafanyabiashara wetu wanaleta meno 18 tu kwa sababu wanafikiri kila mwendesha baiskeli ni kijana wa kubeba mkaa.

La pili ni khanga. Mwanamke wa Tabora havai suruali kwenda shambani, na sioni kwa nini avae kwa ajili ya baiskeli. Nilitoboa matundu madogo pembeni mwa madigadi ya nyuma, pande zote mbili, nikapitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kutoka kila tundu hadi karibu na ekseli, mpaka ikawa wavu. Cheni nikaifungia kava la bati linaloifunika yote, juu na chini. Baiskeli za kike za Uingereza za zamani zilikuwa na wavu wa namna hiyo, kwa sababu wanawake wa huko nao walivaa sketi ndefu. Kwa hiyo anayesema vazi letu haliendani na baiskeli ajue kwamba ni baiskeli iliyoletwa ikiwa imepunguzwa vitu.

Kuhusu kimo cha kiti, kanuni ya fundi ni kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu ukinyooka. Ukiweka sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki limekunjika kidogo. Mke wangu aliikataa. Alitaka nyayo zote mbili zifike chini akiwa amekaa. Nilishusha kiti. Baadaye, woga ulivyopungua, yeye mwenyewe alikuwa ananiambia, "Baba, nipandishie kidogo," nami napandisha kwa upana wa kidole. Leo kiti kiko kwenye kanuni. Nasisitiza hili kwa waume wenzangu: unamtengenezea mtu, basi msikilize mtu. Nimeona baiskeli zilizong'arishwa vizuri zikakaa sebuleni kwa sababu mume aliweka kiti anapopenda yeye.

Shambani kwetu kwa miguu ni mwendo wa zaidi ya saa moja, na mzigo unakaa kichwani. Sisi Wanyamwezi mababu zetu walibeba pembe na vitambaa kati ya hapa na Bagamoyo, na tunasimulia kwa fahari. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ile ilianza kuisha kwa wanaume. Kwa wanawake haijaisha. Mke wangu alibeba kichwani miaka yote niliyokuwa nikienda kazini kwa baiskeli. Sasa habebi, na shingo iliyokuwa inamsumbua usiku haimsumbui tena. Hiyo peke yake ingenitosha kuandika barua hii.

Baada yake, wa nyumbani walianza kupanga foleni. Mwanangu anayefuata asali porini nilimwimarishia gurudumu la nyuma la spoki 40, zile nene. Mjukuu wa kike, aliye sekondari, nilimchukulia fremu ndogo ya magurudumu ya inchi 26 na nguzo ndefu ya kiti ili akue nayo. Huyu alikuwa akitoka nyumbani gizani. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, alinieleza kuhusu jimbo la Bihar kule India: mwaka 2006 serikali ya huko ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli, na watafiti waliofuatilia walikuta uandikishaji wa wasichana wa rika hilo umepanda kwa karibu theluthi moja. Sishangai. Namwona wangu anavyowahi kufika, na anavyorudi akiwa bado na nguvu ya kufungua daftari.

Pikipiki siikatai. Mwenye uwezo na anunue. Lakini tuseme ukweli wa nyumba zetu: pikipiki ikinunuliwa, nani anaushika ufunguo? Baba, au kijana wa kiume. Mama anabaki na miguu yake, na safari hii hata ile baiskeli ya kujaribia imekwenda kuwa nondo. Petroli inanunuliwa kila siku. Gololi na grisi, ukinunua nzuri, unazisahau. Nasema ukinunua nzuri, maana zipo gololi madukani ambazo msumari unazikwaruza, na hizo zinakula vikombe vilivyodumu miaka hamsini. Kabla hujalipa, ijaribu moja kwa tupa. Tupa ikiuma, irudishe.

Kwa waagizaji wa baiskeli ombi langu ni fupi: leteni fremu za kike zilizo imara kama za kiume, kwa vimo zaidi ya kimoja, na leteni gia za meno 20 na 22. Kwa wakuu wa vyuo vya ufundi: vijana wanaokuja kujifunza kwangu wanaijua injini ya pikipiki vizuri sana, lakini wengi hawajawahi kufungua ekseli ya baiskeli wala kusuka gurudumu. Wafundisheni. Kijana anayejua kusuka spoki hatakosa mkate katika mji huu.

Kwa sasa niko kwenye baiskeli ya mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa. Ni Raleigh tena, fremu imenyooka, lakini vikombe vya ekseli ya pedeli vimekwisha. Raleigh za zamani, pale kikombe kinapozungushwa kuingia, zilikatwa nyuzi 26 kwa inchi, wakati kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24, kwa hiyo kikombe cha kawaida hakiingii na ukikilazimisha utaharibu fremu. Msomaji yeyote mwenye fremu iliyovunjika ya Raleigh, hata kama haifai tena, naomba asiiuze kabla sijavitazama vikombe vyake. Nitalipa zaidi ya bei ya kilo. Akifika Ng'ambo aulizie fundi wa reli anayetengeneza baiskeli, ataelekezwa.

Fundi mstaafu wa reli,
Ng'ambo, Tabora