Barua ya wazi kwa Rais wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni: asiye na hela anakiri hata asichofanya

Mheshimiwa Rais Witold Bańka, salamu. Nakuandikia wewe kwa sababu ulikimbia mita 400 mwenyewe, kwahiyo mengi ya haya uliyajua kabla hujakalia hicho kiti.

Kupimwa sipingi, hilo naomba lieleweke kabisa. Kila siku naandika kwenye simu muda wa saa moja ambao mpimaji akija lazima anikute, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, na nikikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 nafungiwa. Nimeshakojoa mbele ya mtu nisiyemjua anaangalia moja kwa moja, mililita 90 zisipotimia nanywa maji nangoja tena, halafu namimina mwenyewe kwenye chupa A na chupa B nakaza vifuniko mpaka visikike vikilia. Sawa tu. Wanaotumia dawa za kusisimua misuli wametuibia medali wengi, wakamatwe.

Kinachoniuma ni majibu yakishatoka. Kilichokutwa mwilini ni mzigo wako hata kama hujui kimeingiaje, na kwa zile dawa nzito ni miaka 4 mpaka wewe ndo uthibitishe hukukusudia. Nathibitisha na nini? Maabara, mtaalamu, wakili, na vyote hivyo mfukoni kwako.

Rafiki yangu tuliyekuwa tunafanya mazoezi pamoja yalimkuta. Alihisi ni kopo la saplimenti alilokuwa anatumia ila hela ya kulipima hana, viongozi wake simu hawapokei, na barua ya mashtaka inamwambia akikiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 anapunguziwa mwaka mmoja. Akasaini. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, alisoma ile sentensi ya kukiri mara nyingi sana, akaniambia naandika uongo ili nirudi mapema. Miaka 3 kwa mtu anayeishi kwa mbio, Mheshimiwa, na kokote jina lake likitajwa ni mla dawa na mwenyewe kakubali.

Wenye uwezo je? Mcheza tenisi Jannik Sinner alikutwa na clostebol, dawa iliyopigwa marufuku, mara mbili mwaka 2024, akaeleza iliingia kupitia mikono ya mtu aliyekuwa anamkanda, akaeleweka, mwisho wa yote ni kufungiwa miezi 3. Na mimi namwamini, sina shida naye kabisa. Nasema alikuwa na watu wa kumtafutia jibu haraka. Simona Halep, naye wa tenisi, alipewa miaka 4, CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, ikaja kupunguza mpaka miezi 9, ila hukumu hiyo imetoka Machi 2024 na yeye yuko nje tangu Oktoba 2022. Kama yeye na mawakili wake wote kesi ilimla muda kiasi hicho, huyu wa kwangu angefika wapi?

Naomba mambo mawili. Mfuko wa kupimia saplimenti na dawa za mwanamichezo asiye na uwezo, kwenye maabara zenu zenye ithibati, bila yeye kulipa. Na zile siku 20 zisianze kuhesabiwa mpaka awe ameshakaa na wakili.

Kopo analo bado, limebaki nusu, namba ya toleo inasomeka vizuri. Mkisema lije, nalileta mwenyewe.