Ritifaa katika maneno ya Kiingereza yanayotuchanganya

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, nami natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Swali lako kuhusu "its" na "it's" limenifurahisha sana, maana hata watu waliozaliwa na Kiingereza huyakosea maneno hayo kila siku.

Nadhani kinachotutatiza sisi ni kwamba tumezoea kuiona ritifaa, yaani alama hii ('), kama alama ya sauti: katika "ng'ombe" inatuonya tusitamke kama katika "ngoma". Katika maneno unayoniuliza alama hiyo haigusi matamshi. "Its" na "it's" hutamkwa sawasawa, na "whose" na "who's" vivyo hivyo, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Na kwa kuwa yote ni maneno sahihi, programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi huyaacha yapite. Ritifaa hapo inashika nafasi ya herufi zilizodondoshwa, basi zirudishe uone kama sentensi inasimama. "It's" ni "it is" au "it has", "you're" ni "you are", "they're" ni "they are", na "who's" ni "who is" au "who has". Ukiandika "the dog lost it is bone", utaona mara moja kwamba haisomeki, na kwamba palihitajika "its" ya umiliki, isiyo na ritifaa. Usiisahau hiyo "has", kwa sababu wengi hujaribu "is" peke yake katika "it's been raining", wakaona haikubali, wakaondoa ritifaa isivyostahili. Ama "there", inayofanana kwa sauti na "they're" na "their" ya umiliki, huonyesha mahali, na ndani yake mna "here".

Lakini najua utaniuliza: mbona "the teacher's book" ina ritifaa, na hilo nalo ni neno la umiliki? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia. Katika Kiingereza cha kale nomino nyingi zilionyesha umiliki kwa kiambishi "-es". Baadaye irabu ilipotea, na ritifaa ikaja kuwekwa mahali pake. Viwakilishi havikupita njia hiyo. "His", "hers", "ours", "yours" na "theirs" vinabeba umiliki ndani yavyo, navyo haviandikwi kwa ritifaa, na "its" ni ndugu yao mdogo. Ni mdogo kweli, kwani Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ilipochapishwa mara ya kwanza, haikuwa na neno hilo hata mahali pamoja. Chumvi iliyopoteza ladha yake iliandikiwa "his", mahali ambapo leo tungeandika "its". Neno lilipoenea, waandishi wengi wa karne ya 17 na ya 18 waliliandika kwa ritifaa, na "it is" wakaifupisha kuwa "'tis". Kwa hiyo anayekosea leo hapaswi kudharauliwa hata kidogo, kwa kuwa kanuni yenyewe ilichukua muda mrefu kutulia.

Tahadhari moja tu: "one's" na "everybody's" huchukua ritifaa kama nomino, ingawa ni viwakilishi. Katika barua yako ijayo niandikie sentensi zako mwenyewe zenye "whose" na "who's", kwa kuwa hizo ndizo naona zinahitaji mazoezi zaidi, nami nitazisoma moja baada ya nyingine.

Wako akupendaye,
Rafiki yako